Gari Linalotetemeka Likiwa Limesimama: Tuanze na Kilicho Rahisi



Wasomaji wetu watukufu, magari mengi ya familia zetu hapa Pwani hayakuwa mapya tulipoyapata. Yalishushwa melini katika bandari ya Mombasa yakiwa yamekwisha kuwatumikia wenyewe wa kwanza huko Japani kwa miaka kadhaa, kwani kanuni za Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini maadamu halijapita umri wa miaka 8. Mengine yamepita mikono miwili au mitatu humu humu nchini kabla ya kufika milangoni petu. Hapana aibu katika hilo. Gari lililotumika, likipata matunzo, huwapeleka watoto chuoni na shuleni, humfikisha mgonjwa hospitalini na huibeba familia nzima siku ya Idi kwa miaka mingi.

Ila liko jambo moja linalowasumbua wenye magari haya mara kwa mara. Gari limesimama kwenye taa za barabarani au katika foleni ya feri ya Likoni, mguu uko kwenye breki, na ghafla usukani unaanza kutetemeka mkononi. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka. Injini inakohoa, karibu izime, kisha inashika tena. Ukikanyaga mafuta hali inatulia, na gari linakwenda kana kwamba halina neno. Mafundi wetu husema gari "linamisi".

Maradhi haya hayafai kupuuzwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama. Injini ikizima gari likiwa lingali linakwenda, usukani huwa mzito papo hapo, na breki hubaki na msaada wa kukanyagwa mara moja au mbili tu kabla ya kuwa ngumu kama jiwe. Jambo hilo likitokea kwenye mteremko au katika mzunguko wenye malori, ni hatari kwa waliomo ndani na walio nje.

Sababu ya pili ni mali. Gari linalotetemeka hupelekwa gereji, na huko, hasa anayelipeleka akiwa mama asiyejua lililomo chini ya boneti, neno huweza kuwa jepesi sana: "Injini hii imekwisha, mama. Tuifungue, au tutafute nyingine." Neno hilo moja hula akiba ya chama, hula karo ya muhula, na wakati mwingine huondoa bangili ya dhahabu mkononi. Huenda likawa kweli. Lakini mara nyingi kilichokuwa kikilia ni plagi nne zilizochakaa, mpira uliopasuka, au mlango wa hewa ulioziba kwa masizi.

Rai yetu katika makala haya ni moja: injini inayotetemeka ipimwe kwa mpango, kuanzia kilicho rahisi na nafuu kwenda kwenye kilicho kigumu na ghali, na asiwepo mtu wa kuifungua kabla ya mambo madogo kukaguliwa. Mpango huo hauhitaji uwe fundi. Unahitaji kuelewa mambo machache, kuwa na macho, na kuwa na subira.

Injini inataka nini?

Injini ya petroli inahitaji mambo manne ili izunguke kwa utulivu: hewa, mafuta, cheche ya moto, na silinda zinazoweza kubana mchanganyiko huo bila kuvuja. Kwa kipimo cha uzani, kilo 1 ya petroli huhitaji kiasi cha kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikizidi au ikipungua, moto huwa dhaifu au hukosekana kabisa.

Gari la kawaida lenye silinda nne, likiwa limesimama na injini imepata joto, huzunguka kiasi cha mara 600 hadi 800 kwa dakika. Tuchukue mizunguko 700. Kila silinda huwasha moto mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 350 kwa dakika. Na zote nne kwa pamoja huwasha mara 1,400. Silinda moja ikishindwa kuwasha, nyingine tatu hulazimika kumbeba mwenzao aliyelala. Gari likiwa mbioni, kasi yenyewe huficha upungufu huo. Likisimama, injini huwa inafanya kazi kwa nguvu ndogo mno, haina cha ziada cha kuficha kasoro, ndipo mtetemo unapojitokeza. Hii ndiyo sababu gari laweza kwenda vizuri hadi Malindi na kurudi, lakini likatetemeka kila linaposimama.

Je, ni ugonjwa au ni tabia?

Kabla ya kutafuta dawa, tuhakikishe kuwa ugonjwa upo. Magari madogo mengi yanayopendwa na familia, miongoni mwao aina za Toyota Passo na Toyota Vitz zenye injini ndogo, yana silinda tatu tu. Injini ya silinda tatu kwa maumbile yake hutikisika kidogo kuliko ya silinda nne, na aliyehama kutoka gari kubwa huweza kudhani amenunua ubovu. Linganisha na gari jingine la aina hiyo hiyo kabla ya kuhukumu.

Vilevile, injini huzunguka kwa kasi zaidi asubuhi ikiwa baridi, kisha hushuka yenyewe ikipata joto. Kiyoyozi kikiwashwa, hutingishika mara moja kisha hutulia. Hayo ni ya kawaida. Na magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, huzima injini yenyewe yanaposimama. Hapo hapana la kuogopa.

Fanya jaribio hili jepesi kwa gari la gia za otomatiki. Likiwa limesimama pahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na mguu wa breki umekanyagwa barabara, liweke kwenye D, kisha kwenye N. Ikiwa mshale wa mizunguko umetulia, lakini mwili wa gari unatetemeka kwenye D na kunyamaza kwenye N, huenda injini haina kosa. Huenda tatizo ni mauntingi, yaani zile raba nzito zinazoishika injini isigusane na bodi. Raba hizo huchoka na kupasuka kwa miaka na mashimo ya barabara. Lakini ikiwa mshale wenyewe unapanda na kushuka, au sauti inakatikakatika, basi injini ndiyo inayolalamika.

Soma historia ya gari lako

Mgonjwa huulizwa alikula nini na lini. Gari nalo huulizwa, na mara nyingi jibu limebandikwa ndani yake. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango, kisha inua boneti. Magari mengi kutoka Japani huja na stika ndogo ya gereji ya huko, inayoonyesha tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu.

Mwaka huenda ukawa umeandikwa kwa hesabu ya Kijapani. Ukiona herufi R, ongeza 2018 juu ya nambari inayofuata: R3 ni mwaka 2021. Ukiona H, ongeza 1988: H29 ni mwaka 2017. Ukishajua tarehe, tazama kilomita. Stika nyingine huandika kilomita za sevisi ijayo, kwa hivyo tofauti ya elfu chache si ushahidi wa lolote. Lakini stika ikisema kilomita 110,000 na dashibodi ikisema 68,000, basi kilomita zimerudishwa nyuma, na plagi unazodhani zina umri mdogo zimefanya kazi kubwa kuliko unavyoambiwa.

Ikiwa hapana stika wala daftari, chukulia kwamba hapana lililobadilishwa, uanze hesabu upya.

Kabla ya kuinua boneti

Hapa tunasema na dada na mama zetu hasa. Feni na mikanda ya injini haimwonei mtu huruma. Ncha ya mtandio, mkono mpana wa buibui, au leso iliyofungwa kiunoni huweza kushikwa na mkanda unaozunguka kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Kusanya nguo, kunja mikono, ingiza ncha za mtandio ndani, vua bangili na pete. Kumbuka pia kwamba feni ya umeme ya radieta huweza kujiwasha yenyewe hata baada ya injini kuzimwa, maadamu injini ingali moto.

Kagua injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usifungue kifuniko cha radieta kikiwa moto. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Watoto wawe mbali.

Ukaguzi kwa mpangilio

Kwanza, betri na nyaya zake. Sisi tunaishi karibu na bahari, na hewa ya chumvi hula chuma haraka. Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti sawasawa. Tazama pia waya mnene unaotoka kwenye upande wa hasi na kufungwa kwenye bodi au injini. Ukilegea au kushika kutu, kompyuta ya gari hupata umeme wa kubahatisha na injini huyumba. Atakayesafisha avae glavu, aanze kufungua waya wa hasi, na wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Baada ya betri kuondolewa, usishangae injini ikiyumba kidogo kwa muda, kwani kompyuta husahau ilichojifunza na huhitaji kujifunza tena.

Pili, kichujio cha hewa. Hiki kimo ndani ya kisanduku cha plastiki, na katika magari mengi hufunguliwa kwa mkono bila spana. Kitoe, ukimulike kwa tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Mwanga ukipita, kingali kina uhai. Ukiona giza tupu na vumbi limeganda, badilisha. Anayetembea kila siku katika barabara za vumbi asingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni. Unaporudisha, hakikisha kimekaa sawa na kisanduku kimefungwa vishikizo vyote, kwa maana hewa inayopenya pembeni huingia na mchanga ndani ya injini.

Tatu, mipira ya hewa. Kutoka kwenye kisanduku hicho kuna bomba nene la mpira linaloelekea kwenye injini, na pembeni kuna mipira mingine myembamba. Joto huikausha ikapasuka. Ufa mdogo huingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu, na mchanganyiko ukaharibika. Zima redio na kiyoyozi, washa injini, simama kando ya gari bila kuinamia mikanda, usikilize. Sauti ya mluzi au ya nyoka anayefoka ni dalili ya mvujo. Mafundi huutafuta ufa kwa kupuliza dawa inayoshika moto. Hiyo si kazi ya kufanya nyumbani. Mpira uliopasuka ni miongoni mwa spea za bei ndogo, na ni miongoni mwa vitu vinavyosahauliwa zaidi.

Nne, plagi. Hizi ndizo zinazotoa cheche. Plagi za kawaida huchakaa baada ya kilomita kati ya 20,000 na 40,000. Zile za iridiamu au platinamu huweza kufika 100,000. Omba zitolewe injini ikiwa baridi, zipangwe mezani kwa utaratibu wa silinda zake, kisha zisome kama unavyosoma ulimi wa mgonjwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu ni dalili ya mafuta mengi au hewa kidogo. Weupe uliokolea hudokeza hewa nyingi au joto kali. Unyevu wa oili ni habari nzito zaidi, kwani huenda oili inavuja kutoka kwenye gasketi ya juu na kujaa katika kisima cha plagi, ambalo ni jambo dogo, au inapita kwenye pistoni, ambalo si dogo. Tofautisha kwa kutazama oili iko wapi: ikiwa imelowesha sehemu ya juu ya plagi, kosa ni la gasketi; ikiwa imelowesha ncha inayowaka, mambo yako ndani.

Badilisha plagi zote kwa pamoja, za aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako. Usikubali plagi za iridiamu zisuguliwe kwa brashi ya waya, kwani ncha yake ni nyembamba mno. Wala zisikazwe kwa nguvu za kifua. Kichwa cha injini nyingi za leo ni cha aluminiamu, na uzi wake ukiharibika, gharama yake huzidi mara nyingi bei ya plagi zenyewe.

Tano, koili. Katika magari mengi ya sasa kila plagi ina koili yake inayokaa juu yake. Koili mbovu huiacha silinda moja bila moto. Kuna njia ya kumjua mkosaji isiyogharimu hata shilingi. Injini ikiwa imezimwa, koili ya silinda inayoshukiwa hubadilishana nafasi na ya jirani yake. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, koili ndiyo mkosaji, nunua moja tu. Ukibaki pale pale, koili haina hatia. Anayekuambia ununue zote nne bila jaribio hili, mwombe alifanye kwanza.

Sita, mlango wa hewa, ambao mafundi huuita "throto". Hiki ni kisahani kinachofunguka na kufunga kadiri unavyokanyaga mafuta. Gari likiwa limesimama, kisahani hubakisha upenyo mdogo sana, na masizi yakizunguka ukingoni, upenyo huziba. Magari yanayofanya safari fupi fupi za mjini, kutoka Mji wa Kale hadi Makadara na kurudi, hupatwa na hili upesi. Husafishwa kwa dawa yake maalumu na kitambaa laini. Katika magari ambayo kisahani huendeshwa kwa umeme, kisisukumwe kwa kidole wakati ufunguo umewashwa. Baada ya kusafishwa, injini huweza kuzunguka kwa kasi kubwa kwa muda hadi kompyuta izoee. Magari mengine hutaka fundi aifundishe upya kwa mashine. Karibu na hapo ipo sensa inayopima hewa inayoingia. Hiyo ina dawa yake peke yake, na haifai kuguswa kwa kitambaa wala kidole.

Saba, mafuta. Jiulize: mtetemo ulianza lini? Ikiwa ulianza siku ile ile au ya pili baada ya kujaza tangi mahali fulani, shuku mafuta. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa uliwahi kusumbua nchi hii hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili kuvunja faida ya wachanganyaji. Hifadhi risiti ya kituo. Usiizoee tabia ya kutembea na taa ya tangi ikiwaka, kwani pampu ya mafuta katika magari mengi imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Kichujio cha mafuta na nozeli zinazonyunyiza petroli huweza kuziba pia, lakini hizo ni za kuangaliwa baada ya haya mengine.

Taa ya injini na mashine ya kupimia

Ikiwa taa ya rangi ya manjano yenye picha ya injini imewaka na kutulia, gari lipelekwe kupimwa bila kuchelewa. Ikiwa inapepesa, yaani inawaka na kuzima, huku injini ikitetemeka, punguza mwendo, tafuta mahali salama usimame. Maana yake ni kwamba petroli isiyoungua inapita hadi kwenye bomba la moshi na kuunguza kisafishio kilichomo humo, kifaa chenye madini ya thamani kama platinamu, ambacho bei yake ni kubwa.

Mashine ya kompyuta husoma alama za ugonjwa. P0301 humaanisha silinda ya kwanza inakosa moto, P0302 ya pili, na vivyo hivyo. P0300 ni silinda zinazokosa moto bila mpangilio, na P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta. Ziandike katika simu au karatasi kabla hazijafutwa. Lakini mjue kwamba alama hizo huonyesha mahali palipo na maumivu, hazitaji dawa. P0301 haisemi "nunua koili". Inasema "tazama silinda ya kwanza", ambapo kosa laweza kuwa plagi, koili, nozeli au zaidi.

Unapofika gereji

Kuna mafundi waaminifu wengi Pwani hii, na hawa hufurahi wakipata mteja anayejua analotaka. Mume huenda yuko kazini Ghuba, au hakuna mwanamume nyumbani. Hilo lisimtie mtu unyonge. Heshima na swali la wazi hutosha.

"Fundi, gari linatetemeka likisimama, likienda halina neno. Lilianza wiki iliyopita. Naomba unitolee plagi zote nne nizione, na uangalie mipira ya hewa. Usibadilishe kitu kabla hatujazungumza."

"Hewala, mama. Lakini naona hii injini ni ya kufungua."

"Yawezekana, fundi. Basi tupime kwanza kompresheni ya silinda zote, uniandikie nambari zake."

Jibu hilo la mwisho ndilo ngao ya mali yako. Kompresheni ni kipimo cha nguvu ya silinda kubana hewa, na hupimwa kwa geji inayofungwa mahali pa plagi, bila kufungua injini. Nambari za silinda zote zikiwa juu na zinakaribiana, hapana sababu ya kuifungua injini kwa ajili ya mtetemo. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, au zote zikiwa zimeshuka, hapo neno la fundi lina uzito, na familia ikae ishauriane. Hata hapo, fundi wa pili aulizwe kabla ya fedha kutoka.

Fanyeni jambo moja kwa wakati mmoja. Plagi, mipira na koili zikibadilishwa siku moja, gari litapona lakini hamtajua lilikuwa linaumwa nini, na mtakuwa mmelipia vitu vitatu kwa ugonjwa wa kitu kimoja. Ombeni spea za zamani mrudishiwe mkononi, ziwe ndani ya boksi la mpya. Hiyo ni haki ya mwenye gari, nayo si tusi kwa fundi.

Kwa anayenunua na anayeuza

Anayekwenda kutazama gari la kununua aombe alikute likiwa baridi, na aliwashe mwenyewe. Gari lililopashwa moto mapema huficha mengi. Atazame mshale: ukisimama kwenye mizunguko 1,000 na zaidi hali injini imepata joto na kiyoyozi kimezimwa, huenda mtu ameongeza kasi makusudi ili mtetemo usisikike.

Na anayeuza, naye ana wajibu. Kulificha tatizo analolijua ni ghushi, na ghushi huondoa baraka katika pato. Kumwambia mnunuzi, "Gari hili linatetemeka, na haya ndiyo tuliyokwisha kagua," huenda kukapunguza bei kidogo, lakini atakayelipanda ni mzazi mwenye watoto kama sisi.

Daftari la gari

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunashauri kila nyumba yenye gari iweke daftari dogo kwenye dashibodi. Liandikwe tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei yake, na aina ya plagi na oili. Mwezi mara moja, Jumamosi asubuhi kabla ya jua kukolea, inueni boneti pamoja. Mtoto wa miaka 12 aweza kumulika tochi. Binti aweza kusoma kijiti cha oili na kuandika. Ukaguzi wa kichujio, vichwa vya betri, mipira, oili na maji hauchukui zaidi ya dakika 20.

Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani yake. Litamwonyesha fundi mgeni gari limepitia nini, litamzuia yeyote kukuuzia plagi ulizonunua miezi mitatu iliyopita, na litampa mnunuzi wa kesho sababu ya kuliamini gari lako. Na siku usukani utakapotetemeka tena, msianze kwa hofu wala kwa kuhesabu bangili. Anzeni kwa daftari, kisha betri, kichujio, mipira na plagi, kwa mpangilio huo huo.